Fulana ya Kwetu: Namna ya Kuchora Kitale na Bungoma Kifuani

Ukishuka kwenye gati ya Lamu, hujamaliza kupatana na mchukuzi ushaonyeshwa fulana. Ina jahazi la tanga moja, ina punda, ina mlango wa nakshi, na jina la kisiwa limeandikwa chini kwa herufi kubwa. Kisiwa kile kimejua kusafiri kifuani mwa mgeni. Sasa shuka kwenye steji ya Kitale asubuhi, ukungu ukiwa bado umeilalia milima ya Cherangani, utafute fulana yenye jina la mji. Utapata za mitumba, zimeandikwa majina ya vyuo vya Marekani ambavyo mvaaji hana habari navyo. Utapata za kampeni, zenye uso wa mtu aliyeanguka kura zamani. Ya Kitale huipati. Panda matatu hadi Bungoma, mambo ni yaleyale.

Pengo hilo ni kazi, na mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuifanya. Nimechapa fulana za huku kwa misimu kadhaa na nimeharibu nyingi, lakini kosa langu kubwa halikuwa la rangi wala la kitambaa. Nilidhani namchapia mtalii. Watalii wachache wanaopita Kitale wana safari yao ya Mlima Elgon au mbuga ya Saiwa, kisha wanaondoka. Fulana watanunua Nairobi. Anayenunua kwako ni mwenyeji aliye mbali: mwalimu wa Kimilili anayefundisha Kwale, muuguzi wa Kiminini aliyeko Doha, kijana wa Chwele aliyekuja Krismasi na anayetaka kitu cha kuvaa Januari akirudi kazini. Mtu huyu anapajua mahali kuliko wewe mchoraji. Ukimchorea mlima usio wake ataurudisha mezani kwa adabu, aende zake.

Mlima usio na ncha

Kila anayeanza huchora Elgon kama Kilimanjaro: pembetatu, na theluji juu. Nami nilichora hivyo. Mzee mmoja wa Endebess aliishika fulana yangu ya kwanza, akaitazama, akaigeuza juu chini, akauliza, "Kijana wangu, huu ni mlima gani?" Elgon ni volkano kongwe iliyobomoka kileleni. Vilele vyake vimekaa kuzunguka ukingo wa kreta pana: Wagagai, mita 4,321, uko Uganda, Koitobos, mita 4,222, uko upande wetu, nao juu ni bapa kama meza. Ukiwa Kitale huoni ncha yoyote. Unaona bega refu lililojaza upeo wote wa magharibi.

Bega hilo ndilo mchoro wako. Simama mahali pa wazi jioni, jua likiwa linazama nyuma ya mlima, upige picha, kisha ufuatishe ukingo wake kwa penseli juu ya karatasi nyembamba. Mstari mmoja tu, kutoka kwapa hadi kwapa. Usiuongezee mteremko ili upendeze. Ukitaka fulana ya Bungoma, kapige picha nyingine kutoka upande wa Chwele, kwa maana mlima huohuo una uso mwingine ukiutazama kutoka kusini, na watu wa kila upande wanaujua uso wa kwao.

Jina nalo lataka uangalifu. Wabukusu, kama ndugu zao Wagisu wa Uganda, huuita Masaba. Jina Elgon limetokana na Wakony, mojawapo ya makundi ya Wasabaot. Ardhi ya mlima huu imekwisha kumwaga damu, na fulana haina sababu ya kuingilia mabishano ya nani alitangulia kufika. Mimi hutengeneza fremu mbili za kuchapia maandishi, moja ya kila jina, nikaacha mteja achague. Kuyabana majina yote mawili kwenye kifua kimoja kunafanya fulana ifanane na kibao cha barabara.

Juu ya msitu, mahali baridi inapoanza kukata, kuna mimea ambayo mtu wa tambarare akiiona anadhani amefika sayari nyingine. Mmoja, Dendrosenecio elgonensis, umeuchukua mlima huu hata kwenye jina lake la kisayansi: shina nene lililovikwa majani makavu, na kichwa cha majani mapana kama kabichi iliyopandishwa juu ya nguzo. Wataalamu wa mimea husema milima mirefu ya Afrika Mashariki ni visiwa, vipande vya baridi vilivyozingirwa na bahari ya joto, na kila kimoja kimekuza viumbe vyake. Kwa hiyo usiwaonee wivu watu wa Lamu. Kisiwa unacho, kasoro yake ni kwamba hakina gati.

Pango la chumvi

Nikiambiwa nichague picha moja tu ya eneo zima, nitachagua pango la Kitum. Tembo wa Elgon hupanda kutoka msituni usiku, huingia pangoni ndani kabisa ambako hakuna mwanga, wakipapasa njia kwa mkonga. Wakifika ukutani hukwangua mwamba kwa pembe, huokota vipande, huvitafuna. Wanafuata chumvi, kwa sababu mvua nyingi za mlimani huosha udongo na majani ya kule hayana chumvi ya kutosha. Kuta zimejaa mikwaruzo ya pembe, mmoja juu ya mwingine, ya vizazi na vizazi vya tembo. Watu pia waliyajua mapango ya mlima huu: Wakony waliishi humo na mifugo yao, na Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 aliyastaajabia hadi akaamini yalichimbwa kwa mikono ya binadamu.

Fulana yangu ya kwanza ya Kitum ilikuwa na tembo mzima, wa kijivu, katika rangi tatu. Ilifanana na tangazo la hifadhi yoyote popote Afrika. Ya pili ndiyo iliyouzika. Chukua fulana nyeusi na uache kitambaa chenyewe kiwe giza la pango. Chapa kwa rangi nyeupe peke yake: upinde wa pembe moja, ncha ya mkonga inayopapasa, na mikwaruzo ikishuka kutoka begani. Mwili wa tembo usiuchore. Jicho la mtazamaji litaumalizia. Fremu moja, rangi moja, gharama ya chini, na mtu aliyewahi kuingia Kitum na tochi anaitambua papo hapo.

Usiandike "Nimewaona tembo wa Kitum." Wageni wengi huona mikwaruzo na popo tu, na fulana inayosema uongo humwaibisha aliyeivaa. Mara moja moja atakuja mteja anayetaka fuvu na neno Marburg, kwa sababu wagonjwa wawili wa ugonjwa huo, mwaka 1980 na mwaka 1987, walikuwa wamelitembelea pango hilo kabla ya kuugua. Mimi hukataa. Watu walikufa, na wengine tunaishi chini ya mlima huo.

Kwato, gunzi na nondo

Mbuga ya Taifa ya Saiwa, njia ya kwenda Kapenguria, ndiyo ndogo kuliko zote nchini, yapata kilomita tatu za mraba. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, paa wa kinamasi. Kumchora nzohe mzima ni kazi ngumu, na akikosewa kidogo anakuwa swala, au mbuzi. Chora wayo wake. Kwato zake ni ndefu na zimepanuka ili asizame topeni, na alama yake haifanani na ya paa mwingine yeyote wa huku. Alama mbili tatu zikipanda mgongoni kutoka kiunoni hadi shingoni, hakuna neno, ni fulana tosha. Ukiwa na mkono mzuri wa uso, basi yuko karasinga, kima mwenye ndevu nyeupe na kipaji cha rangi ya chungwa, naye anaonekana Saiwa; lakini huyo anataka rangi tatu zilizolingana sawasawa.

Mji wa Kitale wenyewe una kitu ambacho Lamu haina, nacho ni mahindi. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianza hapa mwaka 1956. Mwaka 1964 ilitoka mbegu chotara H611, iliyozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Kitale kwa kuoanisha mahindi ya huku na aina iliyotoka Amerika Kusini, Ecuador 573. Wazee waliolima wakati ule wanazitaja namba hizi kama wengine wanavyotaja namba za mabasi ya zamani. Nimechapa fulana ya kijani yenye gunzi moja la mahindi lililolazwa, na chini yake mwaka 1964 peke yake. Vijana huuliza maana yake, wazee hutoa pesa. Angalizo: gunzi na mwaka ni vya kila mtu, lakini nembo na majina ya bidhaa ya kampuni yoyote yana mwenyewe. Usiyanakili kutoka kwenye mfuko wa mbegu.

Kabla hujachora lolote la Kitale, jipe siku nzima kwenye jumba la makumbusho. Asili yake ni mkusanyiko wa Kanali Hugh Stoneham, mpenda wadudu, ndege na vitabu, aliyefungua jumba lake mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliurithisha umma, na jumba jipya likafunguliwa mjini mwaka 1974. Nenda na daftari na penseli. Wadudu waliopangwa kwa mistari, kila mmoja na pini yake, ni mchoro uliokwisha kupangwa. Panga nondo ishirini na wanne kifuani kwa namna hiyo, mmoja umgeuze upande. Uliza pia habari za mashimo ya Wasirikwa, yale mabonde ya mviringo yanayopatikana kwenye malisho ya nyanda hizi, ambamo wafugaji wa kale walilaza ng'ombe. Ukiyachora kama ndege anavyoyaona, ni miduara iliyoachwa wazi upande mmoja, na inapendeza kwenye kitambaa cha rangi ya udongo.

Bungoma: tembea kabla ya kuchora

Kitale inachorwa kwa macho. Bungoma itakubidi usikilize kwanza, kwani karibu kila alama yake ina wenyewe.

Rahisi ni maporomoko ya Nabuyole, mto Nzoia unapoanguka miambani karibu na Webuye. Wakoloni waliyaita Broderick Falls, na mji wenyewe ukaitwa hivyo kabla ya kuwa Webuye. Maji yake si meupe kama ya kwenye kalenda. Mvua ikinyesha huwa ya rangi ya chai ya maziwa, na ukiyachapa kwa buluu watu watacheka. Tumia kahawia juu ya kitambaa cha rangi ya malai.

Kilima cha Chetambe kiko hapohapo jirani, nacho si cha mchezo. Mwaka 1895 majeshi ya Waingereza chini ya C. W. Hobley yaliwashambulia Wabukusu waliojikusanya kwenye ngome zao za Lumboka na Chetambe, na watu wengi waliuawa. Nimeona michoro ya mkuki na bunduki vikipishana, kama nembo ya timu ya mpira. Sidhani inafaa. Nilichokifanya ni umbo la kilima, chini yake mwaka, basi. Mvaaji akiulizwa, asimulie mwenyewe.

Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, anaombwa sana, na wengi hutaka uso wake ukitazama mbele kwa ukali. Dini yake ina wafuasi mpaka leo, na ukoo wake upo. Uso wa mtu ambaye watu wanamheshimu hivyo usiuchape bila kubisha hodi kwa familia, na ukibisha hodi nenda na mtu mzima anayejulikana huko. Lakini iko njia nyingine. Kabla ya siasa na dini, Masinde alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, akaichezea Kenya kwenye Kombe la Gossage mwaka 1930. Tengeneza jezi ya mtindo wa zamani, yenye kola na vifungo viwili, mwaka umeandikwa mgongoni mahali pa namba. Haina uso, haina maneno, na kila Mbukusu anayejua mpira atakuelewa. Jambo la kando: serikali ya kikoloni ilipomkamata mwaka 1948 ilimfukuzia Lamu, kisiwa kilekile chenye fulana za jahazi. Bado nautafuta mchoro wa kuunganisha jezi hiyo na bahari.

Litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, inachorwa vibaya kuliko kitu chochote. Watu huinakili kutoka picha za vinubi vya mbali. Mtafute mpigaji, umwombe aiweke kitini, uhesabu nyuzi, uangalie mikono miwili ya mti inavyoachana na ngozi inavyowambwa. Mlipe kwa muda wake. Nilichora uzi mmoja pungufu, na mama mmoja sokoni Chwele aliuhesabu kabla hajauliza bei.

Halafu kuna rika, na hapa ndipo penye biashara hasa. Wabukusu wana majina manane ya rika yanayozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Wanaume waliotahiriwa pamoja ni bakoki, na ubakoki hauishi hadi kaburini. Tohara hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na msimu huo watu hurudi nyumbani kutoka kila mahali. Kundi la bakoki likikusanyika baada ya miaka ishirini litataka fulana sare: jina la rika, mwaka wao, kijiji chao. Ichukue oda mwezi wa Mei, upokee malipo ya nusu, uchape Juni. Yanayohusu tohara yenyewe usiyachore. Kisu, mtoto aliyepakwa tope la litosi, uso wa mtahiriwa, vyote viache. Chinyimba, zile kengele za chuma anazopiga kijana, wengine wanaziona sawa kwenye nguo na wengine hawataki kabisa; muulize kuka, mzee wa kundi hilo, na jibu lake lichukue hata kama limekunyima mauzo.

Na ukitaka mchoro usio na ugomvi na mtu, chora tumba la pamba lililopasuka. Tambarare za Bungoma zililima pamba, Malakisi kulikuwa na kiwanda cha kuichambua, na kuna waliosomeshwa kwa magunia hayo. Pamba iliyochapwa juu ya pamba.

Maneno: waulize wenye leso

Kuhusu maandishi, mwalimu wetu yuko pwani. Leso, au kanga, ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ni fupi, lina fumbo, na anayelivaa anajua anamsemea nani. Fulana ya kwetu nayo ipange hivyo: mchoro ndio mji, jina chini yake kwa mstari mmoja, usiozidi maneno matano. "Karibu Kitale, Mji wa Amani na Maendeleo" ni bango la kaunti, si jina. Niliwahi kuandika "Mvua ya Kitale haina saa" na ikaisha kwa wiki mbili, kwa sababu kila aliyewahi kuloweshwa akitoka sokoni alijiona humo. Salamu ya huku, "Mulembe," peke yake inatosha fulana nzima, ila imetumika sana; kama huna namna mpya ya kuiandika, iache.

Hakiki tahajia kwa watu wawili wenyeji, kila mmoja kivyake. Niliwahi kuchapa arobaini zilizoandikwa "Nabuyore." Aliyenisomea alikuwa rafiki yangu, na marafiki husoma kile ulichokusudia kuandika. Kwa Kibukusu na Kisabaot mpe anayefundisha au anayehubiri kwa lugha hiyo.

Upande wa nyuma, chini ya shingo, weka alama yako ndogo. Leso za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak zimejulikana miaka na miaka kwa maneno "Mali ya Abdulla," na mnunuzi huyatafuta kabla ya kutazama ua.

Sheria, kwa ufupi

Bendera na nembo ya taifa vinalindwa na sheria. Usivitumie kwenye bidhaa ya kuuza bila ruhusa. Nembo za kaunti, za hifadhi na za shule zina wenyewe, kwa hiyo fulana ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani ianzie kwa barua ya mwalimu mkuu. Kitambaa cha madoa ya kijeshi usikiguse kabisa. Mchoro wako mwenyewe una hakimiliki tangu ulipouchora, na unaweza kuuandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Jina na alama ya biashara huandikishwa kwa taasisi ya mali ya viwandani, KIPI. Tangu mwaka 2016 pia kuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inayotaka jamii iridhie kwanza kabla mtu hajafanya biashara na vitu vyake. Usiione kama kero. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" liwe lake kibiashara nchini humo, na ilibidi watu wapinge hadi ombi likafa. Ukikasirika kusikia hivyo, basi kumbuka hasira hiyo siku utakapoenda kuomba ruhusa ya kutumia cha wengine.

Kitambaa na rangi

Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, Bungoma karibu 1,400, na tofauti hiyo unaivaa. Kwa Kitale tafuta pamba nzito, gramu 180 kwa mita ya mraba au zaidi, na uwe na sweta chache za kofia. Julai zitauzika kabla ya fulana. Kwa Bungoma gramu 150 au 160 zinatosha. Nyeupe iogope popote: vumbi jekundu la boda boda likiingia kwenye pamba nyeupe halitoki. Nunua fulana moja ya mfano, uipime urefu na upana, uifue mara tatu, uipime tena. Ikiwa imepungua vidole viwili, badilisha anayekuuzia.

Kwa idadi ya kuanzia thelathini kwenda juu, uchapaji wa fremu ndio wenye faida. Kitambaa chembamba cha poliesta huwambwa kwenye fremu ya mbao au alumini, hupakwa dawa inayogandishwa na mwanga, mchoro mweusi uliochapwa kwenye karatasi angavu hulazwa juu yake, kisha humulikwa. Palipokuwa na weusi dawa haigandi, huoshwa kwa maji, na hapo ndipo rangi itakapopita ukiisukuma kwa mpira. Nyuzi 43 kwa sentimita zinafaa maumbo mazito kama bega la Elgon. Manyoya ya nondo yanataka 77. Watu wengine humulika kwa jua. Bungoma huenda ukafanikiwa, ila Kitale wingu moja likipita katikati fremu imeharibika, kwa hivyo tumia taa.

Rangi ziko za namna mbili kuu. Za maji huingia ndani ya nyuzi, ni laini mkononi, na zinafaa kitambaa cha rangi nyepesi. Zikikauka zipige pasi ya moto kupitia kitambaa kingine. Plastisoli hukaa juu ya kitambaa na ndiyo itakayokupa weupe mkali juu ya fulana nyeusi ya Kitum, lakini haikauki kwa hewa wala kwa jua. Inataka joto la nyuzi 160 hivi mpaka ndani. Mimi nilianika mia moja kwenye kamba, zikakauka kwa kuzitazama, nikaziuza. Baada ya kufuliwa mara ya pili simu zilianza kuingia. Leo kila ninapomaliza kundi huvuta fulana moja kwa mikono miwili pale penye mchoro: rangi ikipasuka, kundi zima linarudi kwenye joto. Zile za kubandika kwa mashine ya joto zinafaa oda ya fulana tano za harusi. Sublimesheni haishiki kwenye pamba, ni ya poliesta nyeupe tu, hata fundi akuambie nini.

Bei na kufunga

Tuseme fulana tupu ni shilingi 400, kuchapa 120, fremu ya 1,500 ikigawanywa kwa fulana hamsini ni 30, usafiri na kufunga 35. Hiyo ni 585. Lakini katika hamsini, tatu zitaharibika, na hizo hulipwa na zile nzima, kwa hiyo gharama ya kweli inakaribia 625. Watu wengi husahau hesabu hii ya mwisho, ndiyo maana hufunga biashara Februari. Ongeza siku zako za kutembea Chetambe na makumbusho, ndipo utaje bei.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo funga kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani, au mfuko wa kitambaa cha marekani kama mteja anaongeza pesa. Ndani tia kikaratasi: pindua ndani nje, fua kwa maji baridi, anika kivulini. Upande wa pili wa kikaratasi hicho andika sentensi tatu za hadithi ya mchoro, kwa Kiswahili, ili mtoto aliyezaliwa Doha asomewe.

Usiuzie mahali pamoja. Desemba kaa karibu na steji, watu wakishuka na wakipanda. Agosti ya tohara peleka Kimilili na Chwele. Siku za sherehe nenda nje ya Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi. Siku za kawaida simu na boda boda zinatosha.

Fremu usizioshe na kuzitupa msimu ukiisha. Andika ubavuni mwa kila moja, kwa kalamu isiyofutika: jina la mchoro, rangi uliyotumia, namba ya nyuzi, na mwezi. Mnunuzi wa Desemba hupiga simu Aprili, anataka moja zaidi, ileile, saizi ya ndugu yake.